Mabusu Yaliyokwenda kwa Mama Mkwe

Jamani, nisemeni mkimaliza kusikia, lakini msinikatize katikati, maana aibu hii nikiikatisha sitakuwa na moyo wa kuianza upya. Wapo walioaibika kwa kuteleza mbele ya madhabahu, wapo waliopasukiwa suruali wakicheza kwenye sherehe za watu, mimi nimeaibika kwa kumbusu mama mkwe shingoni, kwa maandishi, mbele ya ukoo wake mzima, mara mbili. (Ile ya kwanza mtu anaweza kusamehewa.)

Mimi ni Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya, na kazi yangu ni kutunza kompyuta kwenye ofisi moja ya wakulima wa mpunga kule Ubaruku. Ubaruku kila kitu kipo, mpunga upo, ng'ombe wapo, vumbi la pumba lipo mpaka ndani ya chai, ila intaneti inakuja inapojisikia. Kufungua barua pepe kwa njia ya kawaida unabofya, unakwenda kununua chapati, unarudi, ukurasa bado unazunguka. Ndipo nikapata programu moja ya barua pepe ya maandishi matupu, haina picha, haina cha kubofya, ni skrini nyeusi na herufi tu, kila kitu unakiamuru kwa kibodi, na barua inafunguka hata mtandao ukiwa unachechemea. Niliipenda mpaka wenzangu wakaanza kuniombea. Uzuri wake (na ubaya wake, tutafika) ni kwamba inakuja haijui chochote, wewe ndiye unaifundisha kwenye faili moja la maagizo: rangi gani, kitufe gani kifanye nini, barua za bosi zikae wapi. Watu wakienda kutazama mpira mimi nabaki nikiamua kama barua mpya ziwe za kijani au za njano. Nilikuwa najiona fundi, bwana. Mtu akipita nyuma yangu nabonyeza vitufe viwili vitatu bila sababu yoyote, ili mradi aone.

Sasa, Vumilia. Vumilia Kihwele ni muuguzi, Mhehe wa Kihesa pale Iringa, na ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Meseji za simu hazipendi, anasema meseji hata kampuni ya simu inamtumia, yeye anataka barua yenye mwanzo na mwisho. Basi nikawa namwandikia kila jioni kabla sijafunga ofisi. Mwanzo wa barua hauna shida, unaeleza mvua, unaeleza mashine ya kukoboa ilivyogoma. Shida ni mwisho. Kila siku utafute maneno matamu mapya, na mwenyewe umeshinda unafukuzana na waya? Siku moja nikajaliwa maneno mazuri sana, haya hapa, mniwie radhi: "Nakubusu paji la uso, nakubusu pua, nakubusu na pale shingoni unapopajua wewe. Wako mpaka mpunga uote juu ya mlima, Amba mtundu." Nikayasoma, nikajipongeza, nikaona ni hasara yakitumika mara moja tu. Nikafungua faili la maagizo nikaandika kanuni: barua yoyote inayokwenda kwenye anwani yenye neno kihwele, maneno haya yabandikwe mwishoni wakati inaondoka. Wakati inaondoka, si wakati naandika, maana sikutaka yanijazie skrini. Ningeweza kuandika anwani yake nzima, lakini anwani yenyewe ndefu, ina nukta, ina namba, na bodaboda alikuwa nje ananipigia honi. Nikaandika jina la ukoo tu, nikafunga ofisi, nikaenda zangu.

Miezi ikapita, mapenzi yakanoga, nikapeleka posa. Kwao Vumilia baba alishafariki, mwenye uamuzi ni mama yake, mwalimu mstaafu, na mwenye kelele ni baba yake mdogo. Baba mdogo hakunitaka na hakuficha, binti yetu wa mwisho akaliwe na mbu Ubaruku kwa sababu gani, kwani wanaume wameisha Iringa? Mama hakusema ndiyo wala hapana. Na kumwuliza siwezi, maana nyumba ile mila ya ukwe inashikwa kwelikweli, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawasemeshani, mkikutana njiani mmoja anahama njia. Basi akatoa sharti kupitia Vumilia: nimwandikie barua pepe, mimi mwenyewe, nimweleze kwa nini namtaka mwanawe, barua hiyo isomwe mbele ya kikao siku nitakayokwenda na mshenga, na yeye akishaisikia ndipo atatoa jibu lake.

Barua ile niliiandika kwa jasho. Niliweka kichwa cha habari kama barua ya ofisi, nikaweka shikamoo, nikaeleza yote ya moyoni, nikamaliza na "Wako mtiifu, Ambakisye." Nikaituma Ijumaa jioni kwenye anwani ya mama, anwani ambayo mwalimu yule, kwa heshima ya marehemu mumewe, aliifungua kwa jina la... mmeshanielewa.

Kesho yake Mzee Anyosisye, jirani yetu na mshenga wangu, alitoka Mbeya na basi akanipitia Rujewa, tukaenda mpaka Kihesa. Sebule imejaa wazee, salamu ni za Kihehe, kamwene huku, kamwene kule, kinamama wako jikoni na Vumilia, na mama mkwe yuko chumba cha ndani, nyuma ya pazia, anasikia kila kitu bila kuonekana. Baba mdogo ameshika tableti ya mama. Akavaa miwani. Yeye ndiye msomaji wa masomo kanisani kwao, na barua yangu aliisoma kwa sauti hiyohiyo ya ibada, taratibu, akiinua macho kila sentensi ikiisha. Ilikuwa inakwenda vizuri jamani! Wazee wanatikisa vichwa, mmoja akasema "kijana ameshiba adabu huyu," nikaanza kujiona nimeshaoa.

"Wako mtiifu, Ambakisye," akasoma. Nikashusha pumzi. Lakini mbona mzee havui miwani?

"Nakubusu paji la uso," akaendelea. "Nakubusu pua. Nakubusu na pale shingoni una..."

Akaisogeza tableti mbali na macho. Mzee Anyosisye alikuwa ameinua kikombe cha togwa, akakirudisha mezani bila kunywa. Jikoni kuna sufuria ilianguka. Mimi natamani ardhi ipasuke initumbukize hata na viatu.

"Kijana," baba mdogo akasema, "ni wapi huko shingoni anapopajua shemeji yangu?"

Mtu mwenye akili zake angeeleza palepale. Mimi nikasema naomba nitoke kidogo, nikabeba begi langu la kompyuta mpaka nje chini ya mparachichi, kwa sababu kichwani nilikuwa na wazo moja tu: mama hasemeshwi, njia yetu ni barua, basi nimwombe radhi kwa barua, na iwe sasa hivi. Kompyuta sikuwa nimeizima tangu jana, programu iko wazi vilevile. Nikafungua faili la maagizo, nikaliona lile neno kihwele limekaa peke yake halina hata haya, nikaifuta kanuni yote, nikahifadhi, nikawasha intaneti ya simu, nikaandika maombi ya radhi, nikatuma. Nilichosahau, mimi fundi, mimi wa kubonyeza vitufe ili watu waone, ni kwamba programu ile husoma maagizo yake inapowashwa tu. Ukibadilisha faili bila kuizima na kuiwasha upya, yenyewe inaendelea kutii yale ya zamani, haina habari.

Sijafunga hata zipu ya begi, nikasikia tableti inalia ndani, na sauti ya ibada ikaanza tena. "Mama, napiga magoti. Yale maneno hayakuwa yako, na sitayarudia maisha yangu yote. Nakubusu paji la uso..."

Safari hii jikoni walicheka mpaka wakapiga mapaja. Niliporudi ndani Mzee Anyosisye alinitazama kwa huruma kama mtu anayetazama ng'ombe aliyezama kwenye tope. "Gwe Ambakisye," akasema, "umetuua."

Nikapiga magoti katikati ya sebule, kompyuta juu ya mapaja, nikaanza kuwaeleza wazee wale habari za kanuni na anwani na jina la ukoo. Nikawageuzia skrini nyeusi. Nikasema haya maneno hayamhusu mama hata kidogo, siyaandiki mimi, yanajibandika yenyewe, ni programu. Na mnajua nini, wakaanza kuelewa! Baba mdogo mwenyewe akasema, "Kumbe ni mashine," na uso wake ukalegea. Nikapata nguvu.

"Kila barua?"

Alikuwa Vumilia, amesimama mlango wa jikoni, mkononi kashika mwiko.

"Kila barua inayokwenda kwa Kihwele," nikajibu kwa furaha ya mtu anayejiokoa (mjinga mimi), "mimi siandiki kabisa!"

Hakupandisha sauti. "Amba, ile siku mgonjwa wangu alifariki mikononi mwangu, mimi nilikwenda nyuma ya wodi nikafungua barua yako. Nikasoma ule mwisho, uleule wa kila siku. Nikasema kuna mtu Ubaruku amekaa, amenifikiria, ameyaandika tena kwa ajili yangu. Kumbe hukuwepo."

Jamani, mabusu ya mama mkwe yaliniaibisha, lakini yale ya Vumilia yaliniumiza. Nilimwona anavyoishika ile fremu ya mlango, nikajua ninampoteza hapohapo, si kwa mama wala kwa baba mdogo, ninampoteza kwake mwenyewe. Kikao chote kilikuwa kinatazama magoti yangu.

Ndipo pazia likasema. Sauti ya mwalimu, haina haraka.

"Shemeji, mwulize mkwe. Yale maneno mara ya kwanza aliyaandika nani?"

"Mama anauliza," baba mdogo akanigeukia, kana kwamba mimi na mama tumetenganishwa na mto Ruaha, "mara ya kwanza aliyaandika nani?"

"Mwambie mama, mimi."

"Shemeji, anasema yeye."

"Mwulize tena. Tangu siku hiyo hajapata mengine?"

Baba mdogo alinitazama, nadhani alinihurumia, maana hili hakulirudia. Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Mwambie mama nilikuwa nayo. Nilikuwa mvivu."

Pazia likajibu. "Basi mpeni karatasi."

Wakanipa karatasi ya daftari la shule, Mzee Anyosisye akanipa kalamu, nikaandika palepale sakafuni watu wote wakisubiri, togwa inachachuka vikombeni. Mwandiko wangu ulishakuwa mbovu siku nyingi, nimezoea kibodi, nikakosea, nikakata, nikakosea tena. Halikuja hata neno moja zuri kama yale ya mpunga juu ya mlima. Nilipomaliza nikasimama nikampelekea Vumilia mwenyewe mlangoni.

Akasoma. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Baba mdogo akanyoosha mkono, miwani tayari usoni.

"Lete tusome."

Vumilia akaikunja ile karatasi ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, akaifumba mkononi. "Hii si ya kikao, baba," akasema.

Nyuma ya pazia nikasikia kitu ambacho sikukitegemea, mama mkwe anacheka, kicheko cha chinichini, cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. "Shemeji," akasema, "mwambie mkwe anawe mikono." Na kwao mchumba aliyekataliwa haambiwi anawe mikono, anaonyeshwa stendi.

Msiniulize niliandika nini kwenye ile karatasi, hata Mzee Anyosisye aliniuliza njia nzima ya kurudi na hakupata kitu. Tumeoana. Programu yangu bado naitumia, rangi zipo, vitufe vipo, lakini nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya baba mdogo kwamba neno la kumwambia mtu ninayempenda halitaandikwa kwenye faili la maagizo tena. Vumilia bado yuko Iringa anasubiri uhamisho, na kila jioni mwisho wa barua nauandika kwa vidole hivi, na kuna jioni sina kitu kabisa, naandika tu kwamba leo nimechoka, mke wangu, na nimekukumbuka. Anasema hizo ndizo anazokwenda kusomea nyuma ya wodi.