Mapumziko ya Mwezi Mpevu

Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi wa simu mtaani Manyatta, nikisubiri kioo cha simu yangu. Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, alimwomba fundi ampigie bintiye aliye ng'ambo. Simu ikawekwa kwenye spika, sote tukasikia.

"Nyathina, mwanangu, bado mko baharini?"

"Bado, Mama. Tunashusha vifaa vya kuona mwanga, chini kabisa kwenye giza. Tunatafuta neutrino, zile chembe zinazotoka kwenye nyota."

"Si ni kama omena tu, giza na taa. Sasa Jumamosi ni mwezi mpevu, mtapumzika. Utakuja?"

Wavuvi wetu wa omena hukaa nyumbani mwezi ukiwaka, kwa sababu taa zao hazivuti samaki.

"Huku chini mwezi haufiki, Mama. Hatupumziki."

Mama alihamisha kikapu kutoka goti moja hadi lingine.

"Na hizo chembe ziko huko tu?"

"Ziko kila mahali. Hata sasa zinapita ndani yako, zinapita ukutani, mpaka ardhini."

"Kumbe zinafika Manyatta kila siku. Ni wewe tu unashindwa."

Binti alicheka. Laini ikakatika.

Ni kweli chembe hizo hutupitia bila kusimama. Lakini kupitiwa si sawa na kutembelewa.

Fundi alimrudishia simu. "Mama, amesema hawapumziki."

"Nimesikia," alijibu, akifunika kikapu. "Jumamosi nitapika tu omena ya watu wawili, mimi na yeye."