Siku Nilimwambia Papa Appariteur Apumue

Naanza mi mwenyewe na haya yangu, juu nikimwachia rafiki yangu Masika aianze, yule anaongezaka chumvi mupaka mboga inakuwa chungu: mi Kahindo, binti ya batu ba kanisa, mwimbaji wa kwaya, mwenye banafunzi benzangu balinichagua niangalie mutu asilewe kwenye feti, njo nililewa. Muchana kweupe. Mbele ya bageni. Na micro mukononi.

Sasa mucheke kwanza, halafu niendelee.

Wakati ile tulikuwaka banafunzi hapa Butembo, na feti zetu za kupokea ba bleus (banafunzi bapya ba mwaka wa kwanza, tulibaita vile) zilikuwa na sifa mubaya sana. Mwaka wenye ulitangulia, bakubwa balimusimamisha kijana moja katikati ya batu, bakamupa chupa nzima ya pombe, bakamwimbia mupaka akaimaliza bila kupumua, halafu bakamwacha apande moto yake, pikipiki, aende kwao. Alianguka kwenye muteremuko, muguu ukavunjika, mama yake akakuja kulia kwenye bureau ya appariteur, yule mukubwa mwenye anasimamia nidhamu ya banafunzi. Papa appariteur alikuwa mutu wa maneno kidogo. Alituita sisi ba comité, akatuangalia moja moja, akasema: «Munabakia na feti moja. Hiyo ikiharibika, zote zimekwisha.»

Donc tulikaa, tukatunga sheria. Président wa comité alikuwa Kambale, kijana wa Bulengera kama mi, mutu wa polepole, hata mvua ikinyesha yeye hakimbiake. Mi balinitia kwenye comité juu sikukunywaka pombe, na tena (Masika anasema hii njo sababu ya kweli) juu nilikuwa na sauti ya kuita mutu toka kilima ingine. Niliingia ile réunion na sheria nyingi sana mu kichwa. Mutu akule kwanza, njo akunywe. Maji ikuwe ku kila meza. Hakuna kulazimisha mutu, hakuna mashindano ya kumaliza chupa, na bleu akisema hapana, ni hapana. Mwenye alikunywa hapandi moto. Batu babili ba comité babakie bila kugusa pombe, bafunge kitambaa nyeupe ku mukono, ili kila mutu ajue anaita nani. Na mutu akilewa, ananyanganywa micro kama ako nayo, anapewa maji, mwenzake anakaa naye mupaka afike kwao, na hakuna mwenye atamucheka wala kumupiga picha na téléphone.

Kambale alisikiliza mupaka mwisho, akauliza:

«Kahindo, hii ni feti ao ni séminaire?»

«Ni feti yenye kila mutu atarudi na miguu yake mbili.»

Alivuta karatasi. Halafu akasema, «Bien. Tuandike vile.» Na mi nikarudi nyumbani nikitembea kama waziri.

Feti tuliamua kuifanyia Beni, pamoja na banafunzi benzetu ba kule, juu balikuwa na salle muzuri, ukumbi mukubwa, na juu sisi batu ba Butembo, na baridi yetu hii, tunapendaka kushuka kule kuotea jua. Tulipanga ianze asubuhi, ikwishe mapema, ili bus irudi mbele ya giza. Mi nilitangulia siku moja kupanga salle, nikalala kwa mama mukubwa wangu, dada ya mama, mwenye alikuwa anauza ndizi. Zamani alikaaka Mbau, mais wakati vita iliharibu mambo ya kule alihamia Beni muji, na ndizi zake zikamufuata.

Asubuhi alinipa kibidon, kidumu kidogo cha plastiki.

«Mwana wangu, hii ni jus ya ndizi, niliikamua juzi. Ukunywe mbio mbio, eh? Hii jua ya Beni haichekake na kitu tamu.»

«Wasingya, mama mukubwa,» nikamushukuru na Kinande chetu, mais masikio yangu ilikuwa imeshafika kwenye salle. Alitaka pia nikule mihogo na maharagi mbele ya kutoka. Nikamwambia nitakula kule. Kule nikafika, nikaweka kibidon kwenye dirisha, jua ikaipiga vizuri, na mi nikaanza kazi: kupanga maji kwenye meza, kufunga kitambaa yangu nyeupe, kusimama ku mulango na kuambia kila mutu, «Sahani kwanza! Chupa baadaye!» Batu bakakula. Wali, sombe, mbuzi, yote ikapita mbele ya pua yangu. Masika aliniletea sahani, nikaikataa. Nilisema (na Mungu anisamehe kiburi hii), «Mi niko kwa kazi.»

Hiyo njo kosa yenyewe. Kukataa ile sahani. Yote yenye inafuata ilitoka pale.

Juu njaa haikunitesa, mais kiu, kiu njo ilinitesa. Nikakumbuka kibidon yangu. Nikaifungua, ikafanya pshhh, na mi nikacheka, nikafikiri ni joto tu. Nikakunywa gobelet ya kwanza. Ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na kitu kinachochoma ulimi kidogo, mais mi sikukuwa najua ladha ya pombe, mutu ambaye hajawahi kuonja atajuaje? Nikakunywa ingine. Nikamwambia hata bleu moja, musichana wa haya wa kutoka Lubero, «Unaona? Mutu anaweza kufurahi bila pombe!» Na kweli nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nafurahi sana. Nilikuwa nabapenda batu bote ba ile salle, na pia nilikuwa nabashuku bote.

Ile shuku njo ikaniharibia. Nilipata mawazo kwamba kuna mutu ameingiza pombe kali kwa siri, juu nilikuwa nasikia harufu ya pombe kila pahali nilikwenda. (Ndiyo. Kila pahali mi nilikwenda.) Nikaanza kupita meza kwa meza nikiinama mbele ya batu: «Pumua!» Bakapumua, bakacheka, bakafikiri ni muchezo ya comité. Kufika meza ya bageni, nikaona chupa ya sucré, soda ile ya machungwa, nikaambia mwalimu moja kwamba ile rangi najua ni ya bière. Nikaivuta. Yeye akaishika. Nikavuta tena, chupa ikaruka, ikamwangikia suruali ya kijivu ya mutu mwenye alikaa pembeni yake.

Mwenye suruali alikuwa papa appariteur.

Mutu mwenye akili angepiga magoti. Mi nilimwangalia, nikaona machozi ya hasira ikinijia, juu kwa macho yangu yeye njo alikuwa akificha kitu, na nikamwambia, na ile micro yenye sikukumbuka kama niliikamata saa gani, salle nzima ikasikia:

«Papa appariteur. Pumua.»

Muziki ilizimwa. Sijui nani aliizima. Papa appariteur alijifuta suruali polepole na mouchoir, akasimama, akasogea karibu, akasema na sauti ya chini, mais micro ilikuwa pale kati yetu na ikaikamata yote:

«Mwanangu, pumua weye.»

Nikapumua. Na kiburi yote nikapumua, pwaa, mu uso wake. Alifunga macho.

Nikageuka kwa batu, juu niliona inafaa nibaeleze. Nilitaka kusema neno «responsabilité», maana yake wajibu, juu nilikuwa nimeiandaa kwa hotuba yangu ya mwisho. Ilitoka «resposabibi», nikarudilia, ikatoka na «bibi» zingine zaidi, na kijana moja nyuma akajibu, «Bibi yako ako wapi?», salle ikapasuka kwa kicheko, na mi nikakaa chini. Haikukuwa kwenye kiti. Nilikaa chini, kwenye ciment, na jupe, sketi yangu ya kwaya.

Masika alifika wa kwanza. Alikamata gobelet yangu, akanusa, macho ikamutoka.

«Kahindo! Hii iko kasiksi!»

Jus ya mama mukubwa ilikuwa imeshageuka pombe ya ndizi, yenyewe kabisa, mu jua, kwenye dirisha, mbele ya macho yangu. Nilisikia ile neno, na hata katikati ya ule ulevi nikaielewa. Nilijua nimeua feti zetu. Si yangu pekee. Za bote, na za benye batakuja nyuma yetu.

Kambale alikuwa amefika, polepole vile vile. Masika akamunong’oneza karibu na sikio yangu: «Ya Kambale, kaka, tuseme ni malaria. Bataamini, hapa Beni kila mutu anaugua malaria. Tumutoshe inje haraka.»

Nilimwangalia Kambale, nikamuomba na macho akubali. Vraiment nilimuomba. Yeye alimwangalia papa appariteur na suruali yake yenye maji ya machungwa, halafu akaniangalia mi.

«Hapana,» akasema. «Tukidanganya leo, ile sheria ilikuwa ya kubafunga benzetu tu.»

Akachuchumaa mbele yangu. Akasema, tena kwa heshima, kama mutu anayeongea na mama yake: «Dada Kahindo, unipe micro.»

«Mi njo chargée wa kulinda batu!»

«Najua. Wewe njo ulitufundisha. Unipe.»

Nikamupa. Akafungua kitambaa nyeupe ku mukono yangu, fundo ilikuwa nguvu, akatumia meno. Masika alikuwa na chupa ya bière yenye alikuwa amefungua sasa hivi, ya kwanza yake ya ile siku, na alikuwa ameisubiri tangu Butembo. Aliiangalia. Akaiweka kwenye meza, akanyoosha mukono, na Kambale akamufungia kitambaa. Halafu Kambale akasema ku micro: «Mwenzetu alikunywa kitu bila kujua, na tumbo tupu. Sheria ni moja kwa bote. Nani ako na téléphone mukononi, airudishe mu poche.»

Na bakarudisha. Ile kijana wa «bibi yako» njo wa kwanza. Musichana wa Lubero akaniletea maji.

Papa appariteur alikamata funguo zake. Aliondoka na gari yake, hakuaga.

Mu bus balinikalisha karibu na dirisha, Masika pembeni. Tulipoanza kupanda milima ya Kabasha na baridi ya kwetu ikaanza kuingia, tumbo ikaasi. Masika alinishikia sachet mbele, na mukono ingine akanishikia nywele. Nyuma yetu mutu akaanza wimbo wa kanisa, wa polepole, Bakatolike na Baprotestanti bote banaujua, na bus nzima ikaimba na nguvu. Nilielewa siku nyingi baadaye tu: baliimba ili mutu asisikie vile ninatapika. Kila wakati tumbo ilinipindua, bao bakapandisha sauti. Tuliingia Butembo tukiimba, batu ba njia bakafikiri tunatoka pèlerinage, kwenye hija ya kanisa.

Papa appariteur alituita kisha dimanche, siku ya kanisa, kupita. Sikulala vizuri mbele ya ile siku. Nilienda na maneno ya kuacha kazi ya comité, nikaisema yote nikiwa nimesimama, bila kumwangalia.

«Kaa,» akasema. «Ile siku ulikula nini?»

«Sikukula, papa.»

«Juu ya nini?»

«Nilikuwa naangalia kama bengine banakula.»

Akaweka mukono ku kidevu. Halafu akasema: «Nilishuka Beni nikiwa nimeamua mu roho yangu. Nilikuwa nangoja tu kosa, na nikaona kosa kubwa kuliko yenye nilingoja. Nikasema, sasa bataificha, banafunzi banafichaka kila kitu.» Akamwangalia Kambale. «Hamukuficha.» Akatuambia feti ziendelee, na kwamba benye kitambaa bakule kwanza, mbele ya mutu yeyote. Tulikuwa tumefika ku mulango njo akaniita. «Kahindo! Na ile suruali, madame wangu aliuliza nani alinimwangia. Nilimwambia ni mulinzi wa sobriété, ule wa kukataza batu kulewa.» Mabega yake ilikuwa inatikisika. Sikukuwa nimewahi kumuona akicheka.

Mama mukubwa, wakati balimuelezea, alisema tu: «Nilimwambia akunywe mbio.»

Sasa ni miaka. Kambale ako Kisangani, banasema anafundisha, na nafikiri anafundisha polepole. Masika ako na batoto na boutique, tunaongea kwa téléphone, anaongeza chumvi. Kushuka Beni, mutu anauliza kwanza kama njia iko na usalama, na kuna siku jibu inakurudisha nyumbani. Feti za leo nazisikia toka kwangu, muziki ni nguvu kuliko yetu, na najikuta nimesimama ku dirisha nikijiuliza kama kuna mutu pale ndani mwenye atachuchumaa mbele ya mwenzake na kumuita dada.

Mi niliapa viapo mbili, na mupaka leo ninavishika. Ya kwanza, kitu yenye inafanya pshhh na sijui ilitoka wapi, siitii mu kinywa. Ya pili, sitamuambia tena mutu apumue, hata nikiwa na hakika. Nitamuletea sahani, nitakaa pembeni yake, na kama kuna lazima, nitaimba.