Mstari wa Miti Katika Shamba la Mama Furaha

Mwanangu, weka hilo panga chini kwanza, ukae. Nimesikia unataka kupitisha maji na umeme shambani kwako, na kwamba kesho utaanza kwa kukata ile miti iliyopangana kutoka kijitoni hadi nyuma ya nyumba. Umewaambia wenzako kwamba aliyeipanda alikuwa hajui mpaka wake uko wapi. Nilicheka kidogo niliposikia. Halafu chakula kikanishinda. Miti hiyo ina habari yake, na mwenye aibu katika habari hiyo ni mimi.

Naikumbuka vizuri siku tulipoteremsha waya kutoka kwenye nguzo. Ilikuwa miaka ya vita, hapa hapa Ngungu. Palikuwa na mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Papa Kasereka, aliyekuwa na duka na mashine ya kusaga. Mashine ilipata umeme kutoka kwa turbini ndogo iliyozungushwa na maji kule kijitoni, na mimi ndiye niliyeiangalia. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Watu waliniita injinia, nami, bila haya, niliitika.

Vita viliposogea, Papa Kasereka akasema waya wote, ile kable ya umeme, uingie ardhini pamoja na bomba la maji ya kijiji, kwa sababu askari wakipita hung'oa kila wanachokiona. Kisha akapakia mali yake kwenye gari na kuondoka. Kazi akamwachia Papa Bauma, fundi wetu wa mabomba, mtu mzima mwenye maneno machache, na mimi nikawa chini yake.

Papa Bauma alinionyesha kila kitu. Mtaro uingie hadi kiunoni. Maji yapite kwenye mtaro wake na umeme kwenye wake. Na juu ya mstari wote wa umeme, tupande vipande vya ule mti wenye majani marefu ambao sisi huupanda mpakani na kwenye makaburi, kwa kuwa hakuna mtu wa milima hii anayechimba chini yake.

Mimi nikamjibu kama mtu aliyesoma sana.

"Papa, tukipanda miti, basoda bataona mustari. Batafukua kable yote."

"Bafukue," akasema. "Kable tutatafuta ingine. Panda miti, na uambie kila nyumba kwenye inapita. Umenisikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nilikuwa nimesikia kweli. Kesho yake asubuhi bunduki zikalia upande wa pili wa mlima, na Papa Bauma akaondoka na mke wake na wajukuu. Mimi nilibaki na kipande cha mwisho, ambacho kilipaswa kuzunguka shamba la Mama Furaha. Mama Furaha alikuwa mjane, na mama yangu alipofariki ndiye aliyenilisha. Yeye na watoto wake walikuwa wamekwisha kukimbia. Kuzunguka shamba lake kungenichukua siku mbili. Nikakata katikati, bila ruhusa, nikijiambia nitamweleza akirudi. Nilichimba mtaro mmoja tu, wa kina cha goti, nikalaza bomba na kable pamoja, nikafukia. Juu yake nikamwaga mbegu za maharagwe ili mahali pasijulikane. Kisha nami nikakimbilia Minova.

Sasa, mwanangu, wewe hukuyaona mambo ya wakati ule. Kila nyumba iliyokimbia ilizika vitu vyake kwanza: masufuria, cherehani, na hasa manjanja, yale mabati ya kuezekea. Uliyazika peke yako na hukumwambia mtu, hata ndugu. Uliporudi, ulichukua nondo ya chuma ukatembea shambani ukichoma ardhi, choma hapa, choma pale, hadi usikie imegonga. Mimi mwenyewe nilizika sufuria tatu. Nilijua desturi hiyo kama ninavyolijua jina langu.

Miezi ikapita, tukaanza kurudi mmoja mmoja. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kijitoni. Turbini ilikuwa nzima! Nilifurahi kupita kiasi. Mama Furaha alikuwa amerudi siku moja kabla yangu. Nilimwona kwa mbali akifagia uwanja wake, nikampungia mkono. Nikasema moyoni nitampitia nikishawasha mashine, nimpelekee na unga. Nilitaka watu waisikie mashine kwanza. Nilitaka waseme, injinia amerudi.

Nikafungua maji ya turbini na ya bomba. Mashine ikanguruma, watoto wakashangilia. Haikupita nusu saa, ikakohoa na kuzimika. Nikakimbia kufunga maji, na kabla sijayafunga nikasikia kilio kutoka shambani.

Mama Furaha alikuwa akitafuta manjanja yake kwa nondo, miguu pekupeku. Bomba langu lilikuwa limevuja kwenye kiungo na udongo ulikuwa umelowa. Nondo ilipita moja kwa moja hadi kwenye kable. Nilipofunga maji, ndipo umeme ulipomwachia. Nilimkuta amelala ubavuni, mkono wa kuume umeungua, vidole vimejikunja. Furaha, binti yake, alikuwa akimvuta kwa kitambaa.

Watu wakajaa. Mmoja akapiga kelele, "Musikaribie! Ni basoda bameacha kitu mu udongo!" Wote wakarudi nyuma, wakidhani ni bomu la askari.

Nami nikarudi nyuma pamoja nao. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie. Sikusema neno. Alasiri, walipokwisha kumpeleka kwa muuguzi, niliirudia ile kable, nikaitengeneza, nikaifukia zaidi, nikakanyaga udongo ukawa sawa. Kila mtu alilaumu vita, na vita havikuweza kujitetea.

Mama Furaha alipona, lakini vile vidole havikunyooka tena. Na shamba lile, ambalo ndilo lililomlisha, hakuna aliyethubutu kuliingia. Msimu wa kwanza wa kupanda ukapita, magugu yakafika kifuani. Msimu wa pili pia. Furaha na wadogo zake walikwenda kulima kwa watu ili wapewe kikapu cha maharagwe. Mimi nilipita pale kila asubuhi nikielekea kijitoni, nami nilimsalimu, naye aliniitikia vizuri. Niliona haya hadi nikaanza kupita njia ya nyuma.

Msimu wa tatu nilimkuta mlangoni akimenya muhogo, ameubana kwa magoti, kisu kiko mkono wa kushoto. Nikapiga magoti pale pale, nikamwambia yote.

Akaweka kisu chini. Kisha akasema, "Misimu mbili naombaka maharagi kwa bantu. Na we ulikuwa unapita apa, unanisalimia."

"Ndiyo, Mama. Munisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Simama. Unionyeshe kwenye inapita."

Akanifanya nivue viatu. Nilitembea mbele, juu ya mstari wote, ndani ya magugu, naye akanifuata nyuma na mzigo wa vipande vya mti wa mpaka. Kila hatua aliniuliza, "Ni apa?" Nikijibu ndiyo, aliinama na kukichomeka kipande kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Watu walisimama njiani wakitutazama, na yeye aliwaambia kwa sauti ni kitu gani kiko chini na nani alikiweka. Baadaye nilichimba upya mitaro miwili, hadi kiunoni, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Maji niliyahamishia pembeni, lakini umeme niliuacha chini ya miti yake. Uko pale hadi leo, ndani ya shamba ambalo sasa ni lako, ndio unaokusagia unga. Na yeye amekwisha kufa, na neno la kunisamehe hakulitamka.

Kwa hiyo usiikate. Chimba mtaro wako mahali pengine, uchimbe hadi kiunoni hata kama mgongo unauma. Maji uyatenge na umeme. Panda alama. Kabla hujafungua chochote, pita nyumba kwa nyumba, kwa wakubwa na watoto, uwaambie kinapita wapi. Na siku ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje msimu wa tatu.

Mungu akuachie mikono yako yote miwili hadi uzeeni, mwanangu, na kila atakayelima shamba lako alilime bila woga. Sasa nipe hilo panga. Twende nikuonyeshe mstari unapoanzia, na viatu uvue.