Kopo la Vifungo

Mwaka 1988, nikiwa na miaka ishirini na tatu, ndipo nilipoanza kula peke yangu. Mwanangu, wewe mteja wangu mwenye mtoto mchanga, mi sikusoma. Darasa la tatu niliacha. Lakini kushona nilijifundisha mwenyewe, na hapa Gisenyi suruali yangu watu wanaijua kwa mshono tu. Fundi wa kweli hatupi kipande. Hapo ndipo nilipokosea.

Binti yetu wa pekee, Amina, alikuwa na miaka miwili. Alishikwa na kifua, zahanati wakatupa dawa ya siku saba. Siku ya tatu alikuwa anacheza, donc, basi, zilizobaki nikazitia kwenye kopo langu la vifungo. Mama yake alinung'unika. Nikamwambia mi situpi mali. Kifua kiliporudi, nikampa zile za kwenye kopo, nusu nusu, zitoshe. Nilimfikisha hospitali anahema mbio, mbavu zinaingia ndani. Dawa walizokuwa nazo hazikufanya kitu.

Muuguzi mmoja, mama mzima, alilitazama lile kopo mikononi mwangu.

"Fundi, dawa haiko kitambaa," akasema polepole. "Wale wadudu ulibakisha, uliwafundisha kuizoea."

Tulimzika Amina kule Rugerero. Mama yake akarudi kwao Mudende, hakunitolea neno baya. Afadhali angenitukana.

Wakati ule chanjo ya mdudu huyu wa kifua hatukuwa nayo. Leo iko. Nawe unaniambia mtoto ni muzima, sindano ya nini? Mwanangu, mdudu huyu anakaa puani mwa watoto wanaocheza vizuri kabisa, na ana aina nyingi. Chanjo inaufundisha mwili kuzijua zile mbaya zaidi kabla hazijashuka kifuani. Haizuii zote, sikudanganyi. Ila mtoto asiyeugua hamezi dawa ovyo, na mdudu anakosa pa kujifunzia. Mpeleke siku iliyoandikwa kwenye kadi, hata ikiwa siku ya soko. Akipewa dawa, amalize. Akihema mbio, usifungue kopo lolote. Kimbia naye.

Mungu akupe mtoto wa kukua, mpaka uchoke kuniletea nguo zake nizirefushe.

Mimi leo nina nyumba ya vyumba vitatu Nengo, vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na gauni moja dogo la njano ambalo sikuwahi kulitia vifungo.