Mkono wa Somoe

Harufu ya makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni ndiyo inayonirudisha Mchinga hata nikiwa nimefumba macho. Kina mama waliyafukia pwani, karibu na shule yetu, yaoze ili wayapondeponde wapate nyuzi za kusokotea kamba, na upepo ukigeuka, darasa zima lilishika pua. Wageni walitapika. Sisi wenyeji tulikuwa tunacheza ndani ya harufu ile kama vile haipo, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa palepale, mchanga mtupu wenye mnazi mmoja uliolala na mingine iliyosimama mbali, mwisho wa macho. Ni katika uwanja ule, mwaka wetu wa darasa la saba, ndipo Mwalimu Bahati alipotuletea softiboli, na ndipo nilipomwona Somoe akifanya jambo ambalo mpaka leo naliheshimu kuliko mambo mengi niliyoyaona kwa watu wazima.

Mwalimu Bahati alikuwa dada mrefu, mcheshi, aliyejifunza mchezo huo chuoni. Alikuja na magongo mawili, mipira iliyochubuka na glavu chache, kwa hiyo wengi wetu tulidaka kwa viganja vitupu na kwenda kula ugali vidole vikiwa vimevimba. Alitueleza taratibu: mpigaji anapiga mpira kwa gongo, anakimbia kuzunguka besi, yaani vituo vitatu vya kukanyaga, na akirudi salama pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, timu yake inapata pointi. Wanaolinda wanatakiwa kuurudisha mpira haraka ili wamguse nao kabla hajafika kituoni, wamtoe. Tuliitikia kwa sauti moja kwamba tumeelewa. Uongo mtupu. Sisi tulikuwa watoto wa rede, mchezo ambao mmoja anakaa katikati akijaza mchanga kwenye chupa huku wenzake wawili, mmoja kila upande, wakimtwanga kwa mpira wa soksi mpaka wampate. Kwa hiyo mpira wa kwanza ulipomfikia Somoe, hakuurudisha kwenye besi yoyote. Alimlenga Zuhura aliyekuwa anakimbia, akampata katikati ya mgongo, naye akaenda chini kifudifudi. Uwanja mzima ukashangilia, "Katoka! Katoka!" Zuhura aliinuka na mdomo uliojaa mchanga akasema, "We Somoe, mpira wenyewe jiwe huu, unataka niende kaburini?" Mwalimu Bahati alikuwa amekaa chini, amejishika tumbo kwa kicheko.

Lakini alikuwa ameuona mkono ule. Somoe alikuwa mwembamba, msichana wa maneno machache, na mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu ambayo hatukujua inatoka wapi. Mwalimu alimweka mbali kabisa, karibu na minazi, na mimi, Asha, mfupi wa timu, nikawekwa katikati baina yake na nyumbani. Kazi yangu, alisema Mwalimu, ni kuupokea mpira unaotoka mbali na kuupeleka panapotakiwa. Nilinuna. Niliona nimefanywa daraja la watu kupitia. Somoe naye hakuona sababu ya kumpa mtu mpira wakati mkono wake ulifika nyumbani wenyewe.

Tulikuja kuelewa lilipokuja lori la nazi. Pale kwetu, lori likiwa juu ya barabara na lundo la nazi zilizofuliwa makumbi liko chini, watu hujipanga mstari, hurushiana nazi mbilimbili mpaka kwa aliye juu ya lori. Hakuna anayerusha kutoka lundoni moja kwa moja. Tulikuwa tumeifanya kazi ile tangu tumeota meno, pasipo kuifikiria. Mwalimu Bahati alisimama akatazama mpaka lori likajaa, na kesho yake uwanjani akatupanga vilevile. "Mpira ukikujia mbele, nawe umesimama vizuri, na anayekimbia bado yuko mbali, tupa nyumbani, udunde mara moja tu. Ukilazimika kuugeuzia mgongo uwanja na kuukimbiza, usijidanganye. Mpe mtu wa kati. Na kama nyuma ya anayekimbia kuna mwingine anayenyemelea besi, mpe mtu wa kati hata kama mkono wako ni wa chuma." Kisha akaongeza kwamba mpira upite usawa wa kichwa changu, ili Zuhura, aliyedaka nyumbani na kuona uwanja wote, aamue: akiita "Acha!" niuache upite, akiita "Kata!" niudake na kuupeleka kwingine. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni, mpaka nikawa naujua mpira wa Somoe kwa mlio wake.

Muhula ule ule ilikuja habari. Mkuu wa shule moja ya wasichana ya bweni, Lindi mjini, alitaka kuimarisha timu yake, na angekuja kuangalia mechi yetu na wenzetu wa kijiji cha jirani. Mmoja wetu angepata nafasi bwenini. Mmoja tu, na hakuna aliyeuliza ni nani, maana mkono ulijulikana. Kwa Somoe haikuwa sifa ya mchezo. Mama yake alikuwa amemwambia wazi kwamba akimaliza la saba, na bweni lisipopatikana, atakwenda Kilangala kwa shangazi yake, kwenye mikorosho, na masomo yataishia hapo. Aliniambia haya tukiwa tunachota maji, kisha akanikataza kulia. "Usinililie, Asha. Niombee nirushe vizuri."

Siku ya mechi mgeni alikaa kibarazani, miwani puani, mkoba mapajani. Mama Somoe alikuja amejifunga kanga mpya. Tulifika mwisho wa mchezo tukiongoza kwa pointi mbili, wapinzani wakiwa wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa mechi iishe, na mwenzao mmoja amesimama besi ya pili. Mpigaji wao, binti mmoja mnene wa mabega, akautandika mpira ukapita juu ya kichwa cha Somoe. Somoe akageuka, akaukimbiza mpaka kwenye minazi. Yule wa besi ya pili akaizunguka ya tatu akienda nyumbani, na watu wote wakasimama. "Tupa nyumbani! Nyumbani!" Hata mama yake alipiga kelele hizo. Mgeni alivua miwani. Kama ulikuwapo mpira wa kumwonyesha mtu mkono, ulikuwa huo, na Somoe aliweza kuufikisha, naapa aliweza.

Akanitupia mimi. Mpira ulikuja chini chini, mkali, usawa wa kichwa. Zuhura akaita "Kata!" Nikaudaka, nikageuka, na hapo ndipo nilipomwona mpigaji wao, aliyedhani kila jicho liko nyumbani, anajivuta kwenda besi ya pili. Nikautupa huko. Wakamgusa nao kabla hajafika. Pointi yao moja iliingia, ila mechi ilikwisha, na ushindi ukawa wetu. Wenzangu walimbeba Somoe, nami nikabebwa pia.

Mgeni aliteremka kibarazani, akanijia mimi. Alisema alikuwa anatafuta mtoto mwenye mikono myepesi na kichwa kilichotulia. Nilitazama nyuma kumtafuta Somoe, nikamwona anakusanya glavu.

Mimi nilikwenda Lindi, nikasoma, na sasa nafanya kazi ofisini, mahali ambapo mkubwa akiingia tu kila mtu anataka mpira uonekane umetoka mkononi mwake na kufika nyumbani bila kupitia kwa mwingine. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, lakini hawakusema hutunzwa nani. Somoe alikwenda Kilangala kweli. Analima ufuta na korosho, ana watoto wanne wenye sauti kubwa kuliko yeye. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea, na baada ya chakula nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote: mbona hakutupa nyumbani?

Alinishangaa kweli. "Asha, yule si alishafika? Aliyebaki ni wa nyuma, na aliyeweza kumpata ni wewe."

"Lakini nafasi ilikuwa yako."

"Najua. Nilipoletwa hapa nililia mpaka shangazi akachoka kunibembeleza." Akaendelea kupepeta ufuta wake. "Mpira ule ulikuwa wako tu."

Hakuwa ananisamehe, wala hakuwa anajisifu. Alikuwa ananieleza mchezo. Mimi niliyesomeshwa na mpira ule, nikisimamishwa leo pale kwenye minazi, na mkubwa yuko kibarazani, nadhani ningetupa nyumbani. Somoe angetupa tena kwangu.