Nyanya ya Kopo

Juzi mke wangu alifungua nyanya ya kopo, nikakimbilia nje kutapika. Harufu ile ilinirudisha utotoni, Kibiti, maduka yalipoanza kujaa vitu vya Dubai.

Dada yangu Mwanahawa alikuwa na macho ya manjano, akihema kama aliyetoka kutwanga, ilhali amekaa tu mkekani. Bibi akasema damu imemwishia. Akamkorogea nyanya ya kopo kwenye soda ya moto, ikatoa povu zito lililonuka bati, dada akainywa.

Choo kilikuwa mbali, dada akakojoa kwenye kopo lile lile tupu. Mkojo ulikuwa mwekundu wa kukaribia weusi. Nikaenda kuumwaga, nikarudi mbio.

"Bibi, dawa yote inatoka!"

"Basi tumwongezee."

Leo najua kuwa kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikizivunja chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa, na niliyoyamwaga yalikuwa mabaki ya chembe hizo. Mapafu yalijaa hewa isiyo na mchukuzi.

Kikombe cha pili dada alikikataa, akasema anataka hewa tu.

"Kunywa kwanza, mama," bibi akambembeleza, akamziba pua ili ameze.