Ubongo wa Mume wa Mama Mdogo

Mume wa mama yangu mdogo alianguka na pikipiki pale njia panda ya Mkiwa, akitoka kuuza vitunguu. Alizimia kidogo, akaamka, akanywa soda, akarudi kwao Kinampanda kwa basi. Mwilini hakuwa na kitu zaidi ya mchubuko juu ya sikio. Miezi mitano baadaye tulimzika.

Alikuwa mtu mpole. Baada ya ajali ile akaanza kumtukana mkewe mbele ya watoto, mbele ya watu wa kanisani, kwa maneno ambayo mama mdogo hajawahi kunisimulia yote. Akawa anapotea njia ya shamba lake mwenyewe. Siku moja akampiga mkewe kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono wa kulia. Ndugu za mume wakasema mwanamke kamfanyia mambo ya kishirikina. Kisha kikaja kifafa, na kifafa ndicho kilichomuua, hospitalini kwetu.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mjini Singida. Wakati huo tulikuwa kwenye utafiti wa majeraha ya ubongo, na ubongo wa marehemu ulichukuliwa familia ikiridhia tu. Daktari wetu aliniita pembeni. "Hao ni watu wako," akasema. "Ukiona haifai, sitawauliza."

Nikaenda kuuliza mwenyewe. Mama mdogo alikuwa kwenye benchi nje ya mochwari, mkono wa kulia bado umefungwa hogo la plasta.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Alisikiliza akiangalia chini.

"Mtaona nini humo?"

"Kama ajali iliuharibu ubongo, na uliharibika wapi."

"Basi uchukueni. Nataka kujua aliyekuwa ananitukana ni yeye au ni ugonjwa."

Kaka wa marehemu alikuwa amesimama karibu, akasikia. "Shemeji, tumzike nusu mtu?" Mama mdogo aliomba kalamu. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikaenda upande kama za mtoto.

Ubongo ulikaa wiki tatu kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia viungo, mpaka ukawa mgumu kama sabuni ya kipande. Nikachukua sehemu ndogo ndogo, nikazigandisha kwenye nta, nikakata vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kisha nikaweka kingamwili. Mwilini hizo ndizo askari wanaotukinga na magonjwa, lakini hizi za maabara zimetengenezwa zishike kitu kimoja tu: protini inayorundikana pale uzi wa neva unapokatika. Zikishika, unaongeza dawa, na mahali hapo panageuka kahawia. Penye uzima panabaki bluu.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilifanya haraka, sikuviosha vizuri, kipande kizima kikawa na rangi ya chai. Nikatupa. Sijawahi kumwambia mama mdogo kwamba nilitupa.

Mara ya pili nilitulia. Asubuhi nikaweka kioo chenye kipande kwenye hadubini kabla daktari hajafika, jambo lisiloruhusiwa. Ndani kabisa, pale nusu mbili za ubongo zinapoungana, nyuzi zilikuwa zimekatika, ncha zake zimevimba kama mafundo, zote kahawia. Nilisogeza kioo huku na huku nikitafuta penye uzima. Palikuwepo, ila ni padogo.

Daktari alipoangalia alisema, "Hii ni ajali. Sina shaka." Akaandika barua.

Niliipeleka Misigiri, kwa babu na bibi, wazazi wa mama mdogo, maana ukoo wa mumewe ulikuwa umeshamfukuza Kinampanda na kubaki na shamba na watoto. Nilimkuta uani akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Nikamsomea.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

"Daktari anasema jeraha kama hili hubadilisha mtu."

"Sikuulizi habari za daktari. Nakuuliza wewe uliyemwona humo ndani."

"Niliona nyuzi zimekatika, mama. Zaidi ya hapo sikuona."

Akaweka fimbo chini. "Kuna siku aliniambia hajawahi kunipenda tangu aliponioa. Hakupiga kelele siku hiyo. Alisema taratibu, kama mtu anayekumbuka. Matusi mengine yote nimeshayasamehe. Hilo ndilo nililotaka mniangalizie."

Nikaokota fimbo nyingine. Nilikaa naye tukapiga alizeti mpaka jua likawa kali.

Barua tuliipeleka Kinampanda mimi na mjomba, kaka wa mama mdogo, kuomba watoto warudi kwa mama yao. Kaka wa marehemu aliisoma yote, akaikunja vizuri, akaturudishia. "Karatasi za mjini," akasema. "Mlimtoa ubongo, sasa mnatuambia ulikuwa mbovu." Watoto akakataa kuwatoa.

Mwezi uliofuata mama mdogo alikutana na binti yake wa mwisho mnadani, yuko na shangazi yake. Mtoto akajificha nyuma ya khanga ya shangazi, akagoma kumwamkia. Mama mdogo alimnunulia viatu vya shule kwa kukisia ukubwa wa mguu, akampa shangazi. Shangazi alivipokea, angalau.